Mbaazi Mbele ya Tume

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na sisi wananchi wake tumeagizwa tuone fahari kwa jambo hilo. Nitaeleza yaliyotokea kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa: kwanza nani, kisha nini, kisha wapi. Sina nia ya kumlaumu mtu. Viongozi wetu ni watu wema sana, na anayetilia shaka wema wao huchukuliwa na kuelimishwa mpaka akubali.

Mwaka ule Mtukufu Mlezi wa Taifa alipungua mwili. Asubuhi moja alionekana kwenye gwaride mkanda wake umeingia tundu la tatu, na kabla jua halijawa kali mawaziri wote walikuwa wamekwisha kutoboa mikanda yao. Wiki iliyofuata Waraka ulitoka. Ukurasa wake wa kwanza ulisema kwamba wanga ni adui wa taifa. Kwamba ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi na mkate vimeondolewa vinywani mwa wananchi kwa faida yao wenyewe. Na kwamba tangu siku hiyo nchi nzima ingekula Mlo wa Wanga Kidogo, yaani mboga za majani kwa wote, nyama kwa walio nayo, na subira kwa wasio nayo. Nakala ilitundikwa kwa msumari katika kila jengo.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu moja. Waraka wa Mtukufu unaposomwa kwa sauti, kila anayeusikia husimama wima, mikono ubavuni, mdomo umefungwa. Haruhusiwi kuketi, kutembea, kukohoa wala kumkatiza msomaji, awe waziri au mchunga mbuzi. Ni desturi yenye heshima nyingi, ila inachosha miguu. Kwa hiyo wasomaji rasmi wakifika mwisho wa ukurasa wa kwanza husema "na kadhalika," na hapo watu hupumua na kukaa. Waraka ule ulikuwa na kurasa kumi na moja. Kwa miezi minane ulisomwa kila Jumatatu katika kila ofisi, soko na zahanati, na hakuna aliyejua ukurasa wa pili unasema nini.

*

Darasa letu la elimu ya watu wazima hukutana saa kumi alasiri katika ghala la zamani la pamba. Tuko thelathini na wawili, wengi wetu ni akina mama, na mwalimu wetu ni Mwalimu Leonsi, mtu mrefu, mpole, ambaye hukunja mikono ya shati hata asipokuwa na kazi ya kufanya. Alitufundisha kugonga silabi kwa kidole juu ya paja, pigo moja kwa kila silabi, ili neno refu lisitutishe. Na alikuwa na sheria moja tu.

"Usitoke kwenye sentensi kabla ya nukta," alisema kila siku. "Anayetoka katikati huenda akatangaza jambo ambalo mwandishi hakulisema."

Siku ile alituambia kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe, isiyotoka kitabuni. Nilikwenda ubaoni wa kwanza, nikaandika: Mama amepika mbaazi.

Niliweka nukta, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama. Ilikuwa imebaki pale pale nilipoiweka. Kwa miaka arobaini na mitatu nilikuwa nimesema maneno mengi, na hakuna hata moja lililowahi kunisubiri nilitazame.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Nyangoro, Mkaguzi wa Wanga Daraja la Pili, mtu mwenye mkanda wa matundu saba na pua iliyozoea kutangulia mwili wake kila anapoingia. Nyuma yake walikuwa askari wawili.

"Nani ameandika hiki?" aliuliza.

Mkono wangu ulianza kuinuka. Haukufika begani.

"Mimi," alisema Mwalimu Leonsi. "Ubao ni wangu na chaki ni yangu."

"Mbaazi ni wanga."

"Mbaazi ni mbaazi, mwanangu," alisema Bi. Zamda, mkubwa wetu kwa umri, ambaye hukaa mbele kwa sababu ya macho. "Na hiyo haijapikwa. Imeandikwa."

"Bibi, nyamaza. Kilichopikwa huliwa kikaisha. Kilichoandikwa hubaki."

"Samahani, Afande," alisema Mwalimu kwa heshima. "Waraka hautaji mbaazi."

Mkaguzi alisogea ukutani ilipotundikwa nakala, akapitisha kidole juu ya ukurasa wa kwanza. Akaona ugali. Akaona wali, viazi, mihogo, ndizi na mkate. Hakuona mbaazi. Hakuona kunde, maharage, dengu wala choroko. Alirudia mara tatu, na kila mara kidole chake kilienda polepole zaidi, na jasho likamtoka, kwa maana kama mbaazi haikukatazwa amekosea yeye, na kama imekatazwa serikali imesahau; na serikali yetu haijawahi kusahau.

"Basi utakaa ndani mpaka ijulikane," alisema.

Walimchukua Mwalimu. Walichukua na ubao, watu wanne waliokusanywa njiani wakiubeba kwa uangalifu mkubwa ili sentensi yangu isifutike.

*

Swali lile lilipopanda ngazi za serikali kila ngazi ilitetemeka. Ilikuja kugundulika kwamba kwa miezi minane wananchi walikuwa wakipika jamii ya kunde kimyakimya, na kwamba hakuna afisa aliyejua kama wanatii au wanaasi. Iliundwa Tume ya Kitaifa ya Kubaini Msimamo wa Jamii ya Kunde. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu Kapilima, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuandika hukumu mapema ili mashahidi wasimchanganye.

Swali la Tume lilikuwa moja: kunde na nduguze, ni wanga au si wanga? Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa mawili. Ikiwa si wanga, Mwalimu Leonsi angerudi nyumbani. Ikiwa ni wanga, angepelekwa miaka saba katika Shamba la Kabichi, mahali ambapo watu hurudi wembamba na wasio na la kusema. Tume ilipewa siku tatu.

Jioni ile Bi. Zamda alinikuta uani nikichagua mchicha.

"Mama Sekela."

"Bi. Zamda."

"Sentensi ni yako."

"Najua."

"Utasema?"

"Nikisema watanichukua mimi. Nina watoto wanne."

"Na yeye ana mama yake kule milimani, kipofu, anamngoja Jumapili." Alichukua jani moja la mchicha, akalitazama, akalirudisha. "Sikulazimishi, shoga. Nimekuja tu kukuhesabia waliomo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuandikisha jina langu miongoni mwa mashahidi. Niliandika mwenyewe. Karani alilitazama jina, akanitazama mimi, akauliza nani kaniandikia.

*

Siku ya kwanza alishuhudia Jenerali wa jeshi letu. Alieleza kwamba aliloweka mbaazi katika maji asubuhi, na alipozirudia alasiri alizikuta zimekuwa kubwa mara mbili. "Kitu kinachovimba kikiwa kimefunikwa," alisema, "kina mpango." Tume ilipiga makofi, na ushahidi huo ukaingizwa katika kumbukumbu pamoja na bakuli.

Siku ya pili aliitwa Dakta Shombe, mwanamke mfupi mwenye miwani, daktari wa sukari.

"Dakta," alisema Mwenyekiti, "kunde ni wanga?"

"Zina wanga, Mheshimiwa. Zina protini pia, na nyuzinyuzi nyingi, na kwa sababu hiyo sukari yake huingia katika damu polepole kuliko ya wali. Anayepunguza wanga anaweza kuzila."

"Kwa hiyo si wanga."

"Sikusema hivyo. Akijaza sahani atakuwa hajapunguza chochote. Inategemea kiasi."

Nilimwona karani akiinua kalamu yake kutoka kwenye karatasi, kama mtu aliyeona nyoka juu ya meza.

"Umesemaje?"

"Inategemea, Mheshimiwa. Soya ina wanga kidogo kuliko maharage. Hata mtu na mtu hawako sawa. Kuna atakayekula nusu kikombe akawa salama, na kuna atakayeambiwa ale robo."

"Dakta! Taifa hili ni moja!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini lina watu wengi."

Askari walimtoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango wa ukumbi, nikingoja zamu yangu ya kesho. Alipofika mbele yangu aliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu.

"Wewe ndiye wa darasani?"

"Ndiyo, Dakta."

"Wakikupa Waraka usome, usiishie njiani. Nenda mpaka nukta ya mwisho."

"Kuna nini huko?"

"Mimi ni daktari, mama," alisema. "Siwezi kukuambia." Wakamvuta mkono, wakaondoka naye, na kiatu kile hakikuwa na kamba.

*

Siku ya tatu lori lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Niliweza kuliona kupitia dirisha kubwa la ukumbi, likinguruma katika uwanja uliojaa watu na vipaza sauti. Mwalimu Leonsi alisimama kando yake kati ya askari wawili. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjuliwa. Nilitambua kwamba wamemkunjulia wao. Juu ya meza ya Mwenyekiti lilikuwapo Azimio, limepigwa chapa, na hata mimi, kwa mbali, niliweza kusoma neno lake la katikati, kwa sababu lilikuwa fupi na kwa herufi kubwa: NDIYO. Ubao wetu uliegemezwa ukutani, na chini yake pameandikwa "Kielelezo A."

Nilikuwa shahidi wa mwisho.

"Sema haraka," alisema Mwenyekiti. "Lori linapoteza mafuta."

"Mheshimiwa, sentensi ile niliiandika mimi."

Watu walicheka. Mwenyekiti alicheka kwa kituo, kama anayetia saini.

"Wewe? Kwa vidole hivyo vya kumenyea mihogo?" Akakohoa kidogo. "Vya kukatia kabichi, nilitaka kusema. Ni Mwalimu aliyekutuma."

"Hakunituma, Mheshimiwa. Yeye hata mbaazi hazipendi."

Kicheko kiliongezeka, na safari hii hakikumpendeza. Uso wake ulibana.

"Sikilizeni wananchi. Mwalimu huyu ametudanganya kwamba anawafundisha watu wazima kusoma, kumbe anawafundisha uongo. Sasa mtasikia. Mpeni mama huyu Waraka. Fungulieni vipaza sauti. Na ninyi huko nje," aliwapungia askari dirishani, "mpakieni huku tukisikiliza."

Nilipewa Waraka wenyewe, ule wa asili, mzito kama mtoto wa miezi mitatu. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Wa-na-nchi," nilisoma.

Ukumbi wote ulisimama. Viti vililia mara moja, kisha pakawa kimya. Huko nje dereva alizima lori akaruka chini, akasimama wima. Askari waliachia mikono ya Mwalimu wakaiweka yao ubavuni. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupandisha mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kutembea, alibaki hivyo: mguu mmoja juu, mguu mmoja katika ardhi yetu.

Ukurasa wa kwanza ulinichukua karibu nusu saa. Nilipofika mwisho wake, karani alinitolea macho, akingoja "na kadhalika." Nilitafuta maneno hayo kwenye karatasi. Hayakuwapo. Basi nikafunua ukurasa wa pili.

Niliona Mwenyekiti akifumbua mdomo, akakumbuka desturi, akaufumba.

Kurasa tisa zilizofuata zilikuwa majina ya heshima ya Mtukufu. Nyota ya Mabonde. Mkono Usiotetemeka. Mshauri wa Mvua. Baba wa Barabara Zilizojengwa na Zitakazojengwa. Sikuruka hata moja. Kwenye ukurasa wa nne magoti ya Jenerali yalianza kugongana. Kwenye ukurasa wa sita Mkaguzi Nyangoro alizuia chafya mpaka machozi yakamtiririka, na watu wakadhani ni uzalendo. Macho ya Mwenyekiti yalinitisha waziwazi, yakaahidi Shamba la Kabichi, kisha, kwenye ukurasa wa saba, yakaanza kunisihi.

Na hapo, kwenye ukurasa wa saba, nilikwama.

Lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kukutana nayo. Lilianza na herufi A na sikuuona mwisho wake. Jasho la kidole lilikuwa limelowesha karatasi. Nilijua kwamba nikinyamaza kwa muda mrefu mtu atasema nimemaliza, atasema sijui kusoma, lori litawashwa. Nilimwona Mwenyekiti akivuta pumzi ya kuanza kusema. Niliwaza Sekela na wadogo zake, na nani atawasukia nywele.

Nikatazama dirishani. Mwalimu Leonsi hakutikisika, kama desturi inavyotaka, mdomo umefungwa, mikono ubavuni. Ila kidole chake kimoja kilikuwa kikigonga paja. Pigo, pigo, pigo. Taratibu, kama darasani.

Nikaweka kidole changu pajani.

"A," nilisema. "Si. Ye. Li. Nga. Ni. Shi. Ka." Nikavuta pumzi. "Asiyelinganishika."

Nikaendelea.

*

Ukurasa wa kumi na moja haukupigwa chapa. Uliandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, na juu yake ulikuwa na muhuri wa serikali mara tatu, kwa sababu kila ofisi iliyopokea Waraka iligonga muhuri kwenye kila karatasi bila kuigeuza. Nilisoma:

"Mgonjwa: wa Nyumba Kuu. Ana sukari. Apunguze ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi na mkate. Hana haja ya kuacha kunde, maharage wala mbaazi. Ale nusu kikombe, zilizochemshwa, pamoja na mboga za majani, kisha apime sukari yake. Mbaazi amesema anazipenda. Ushauri huu ni wa mgonjwa huyu peke yake. Wengine wale kadiri ya miili yao. Dakta Shombe."

Nikafika kwenye nukta. Nikainua kidole.

Hakuna aliyekaa. Nyumba Kuu hukaa mtu mmoja tu, na kila mtoto wa nchi yetu anamjua. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa akifanya hesabu ileile: kwamba kwa miezi minane taifa zima limekuwa likimeza dawa ya mtu mwingine, na kwamba mwenye dawa, mchana ule ule, yumkini alikuwa mezani na nusu kikombe chake cha mbaazi. Mwenyekiti aliinama mezani polepole. Alilichukua Azimio lenye NDIYO, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni.

"Tume," alianza, "baada ya uchunguzi wa kina ambao haukuathiriwa na jambo lolote lililosikika hivi punde, imebaini kwamba jamii ya kunde ina wanga, lakini wanga wenye nidhamu, unaotembea polepole na kufuata njia. Kwa hiyo ni chakula kitiifu, mradi kisizidi nusu kikombe. Kuhusu ugali, Tume haikutumwa."

Akanigeukia.

"Kielelezo A hakionyeshi mama alipika kiasi gani. Kosa ni hilo. Rekebisha."

Alinipa chaki. Nilikwenda ubaoni kwangu, nikafuta nukta kwa kidole, nikaongeza maneno mawili. Mama amepika mbaazi nusu kikombe. Nikarudisha nukta mahali pake. Huko nje Mwalimu Leonsi aliushusha mguu wake kutoka kwenye ngazi ya lori, na kwa kuwa ulikuwa umekufa ganzi, askari wawili walimshika asianguke.

Kabla hatujatawanyika, Mwenyekiti alitangaza Azimio la Pili: tangu siku hiyo, yeyote atakayesoma Waraka na kuvuka ukurasa wa kwanza atapelekwa Shamba la Kabichi bila tume. Ilipendekezwa pia kwamba ukurasa wa kumi na moja uchanwe, lakini ulikuwa na mihuri mitatu, na hakupatikana afisa wa kuchana muhuri wa serikali.

*

Jumatatu saa kumi tulikuwa darasani. Ubao ulikuwa umerudishwa. Mwalimu Leonsi alikunja mikono ya shati, akausoma, akasahihisha herufi moja ambayo nilikuwa nimeiandika kwa haraka. Hakunishukuru, nami sikumwomba radhi. Alikwenda ukutani, akaitoa nakala ya Waraka kwenye msumari, akampa Bi. Zamda.

"Leo tutasoma hii."

"Mwalimu," nilisema, "sheria."

"Sheria inakataza kuvuka ukurasa wa kwanza, Mama Sekela. Tutaanzia wa kumi na moja na kurudi. Tutaishia wa kwanza, na hatutauvuka."

Bi. Zamda aliisogeza karatasi karibu na macho. Hakuwa amelimaliza neno la kwanza mlango ulipopigwa teke. Mkaguzi Nyangoro aliingia na askari wake wawili, pingu mkononi, na pua yake ikiwa imekwisha kutufikia.

"Wote mko chini ya—"

"Afande," alisema Mwalimu Leonsi kwa upole, kidole mdomoni. "Waraka unasomwa."

Mkaguzi alitutazama. Aliitazama karatasi yenye mihuri mitatu. Kisha visigino vyake vikagongana, mikono ikashuka ubavuni, pingu zikining'inia kwenye kidole kimoja, na mdomo ukajifunga. Askari wake wakafanya vivyo hivyo.

"M-go-njwa," alisoma Bi. Zamda.

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Lakini kutoka ukurasa wa kumi na moja mpaka wa kwanza ni mbali, darasa letu lina watu thelathini na wawili, na Mwalimu alikwisha kusema kwamba kila mmoja atapata zamu.